Sungura Ana Haki Gani Watu Wakiwa Taabuni?



Ndugu zangu, muhula huu, baada ya darasa la Alhamisi, ndugu yetu mmoja aliniuliza swali mbele ya watu. Alisema: mtu akiwa na sungura mgonjwa na jirani mwenye shida, kumuuguza sungura ni ibada au ni anasa? Watu walicheka, maana alijua kwamba nimetoka likizo kwetu Palma na alikwisha kusikia kisa changu. Nikajibu kwa mzaha, dua ikasomwa, tukatawanyika. Lakini mimi swali lile nilikuwa nimelisikia kabla yake, kwa maneno makali zaidi, kutoka kwa mtu ninayemheshimu kuliko karibu watu wote walio hai. Naomba nilijibu hapa taratibu, kwa kuwa pale msikitini sikulijibu.

Kwa asiyeijua, Palma ni mji mdogo wa pwani, kaskazini kabisa ya Cabo Delgado nchini Msumbiji. Ukienda juu kidogo unakutana na mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Mtwara. Watu wa kwetu wengi ni Waislamu, wavuvi na wakulima wa minazi na mihogo. Nyumbani wanasema Kimwani au Kimakwe, na sokoni Kiswahili hakimshindi mtu.

Sungura mwenyewe ni wa binti wa kaka yangu, mtoto wa miaka tisa. Alipewa Pemba, wakati familia ilipokuwa huko katika ukimbizi, na waliporudi Palma alirudi naye ndani ya kapu la ukindu. Ni jike, mweupe mwenye masikio ya kijivu, anakaribia miaka minne. Nilipofika likizo nilimkuta anakojoa damu. Kwa bahati nilikuwa nikimsaidia daktari mmoja wa mifugo aliyekuja kuchanja kuku na mbuzi, nikampelekea. Akampapasa tumbo, akanipa na mimi nipapase, akaniuliza ninahisi nini. Nilihisi kitu kama kokwa ya embe mahali pasipostahili kuwa na kitu. Wenzangu wa tiba ya wanyama wanajua: sungura jike asiyetolewa kizazi, akishakuwa na umri, saratani ya mfuko wa uzazi kwake si jambo la nadra hata kidogo. Dawa yake ni kuutoa mfuko wote kabla uvimbe haujasambaa.

Mjomba wangu alipopata habari alikuja barazani akakaa, akatafakari, akasema, "Mwanangu, huyu ni nyama halali. Mchinjeni kabla hajakonda, watoto wapate mchuzi."

Wengine mtamwona ni mtu mgumu. Si kweli. Katika yote yaliyosemwa nyumbani wiki ile, hoja yake ndiyo iliyokuwa na elimu zaidi, na nitairudia. Mwishoni mama wa mtoto ndiye aliyeamua. Mtoto alimwangalia mama yake, hakulia, hakuomba. Mama akasema, "Apasuliwe."

Upasuaji ulifanyika kwenye meza ya kulia chakula, ukumbini, mlango wazi ili mwanga uingie. Usiku wa kuamkia siku hiyo bibi alitaka sungura afungwe mdomo asile, kama anavyofanyiwa mtu anayekwenda kupasuliwa. Daktari alikataa. Mtu hukatazwa chakula ili asitapike akiwa usingizini, lakini sungura hatapiki, hana uwezo huo. Kinachomuua yeye ni tumbo kusimama. Utumbo wake umeumbwa uwe unasaga majani mchana na usiku, na ukisimama kwa nusu siku tu, gesi hujaa na mnyama anaweza kufa huku mshono wake ni mzima kabisa. Kwa hiyo alikula mpaka karibu na saa ya kulazwa.

Kisu kilipotolewa, mtoto alitoka nje. Sikumfuata. Katika mji wetu hakuna anayemuuliza mtoto kwa nini anaogopa kisu.

Kazi ya daktari ilichukua chini ya saa moja. Kazi yangu ilichukua siku kumi. Tulimlaza ndani ya boksi la kadibodi, juu ya kanga kuukuu, kwa kuwa pumba za mbao hunasa kwenye kidonda. Chupa ya maji ya uvuguvugu ikaviringishwa kitambaa ikawekwa ubavuni pake, maana dawa ya usingizi humshusha joto. Dume lilikuwa limehamishiwa kwa jirani. Alipozinduka alijikunja pembeni, macho nusu wazi, akisaga meno. Mtu asiyemjua sungura angesema ametulia. Sungura ni windo la kila mnyama, na Mola wake amempa tabia ya kuficha maumivu, maana anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Haliilii kama mbuzi wala hafokei kama paka. Anayemuuguza lazima asome maumivu yake mahali pasipo na sauti: mgongo uliopinda, meno yanayosagana, jani lililowekwa mbele yake lisiguswe.

Hakugusa jani lolote mpaka Isha. Daktari alikuwa ametuachia dawa ya maumivu, nikampa. Saa sita za usiku bado. Nikaponda matembele kwenye kinu, nikachanganya na maji, nikavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nikampenyezea pembeni mwa shavu tone kwa tone, nikingoja ameze, kwa sababu ukiharakisha chakula huingia mapafuni. Kila baada ya saa mbili au tatu nikarudia. Alfajiri, nilipotoka kutawadha, mtoto alinikuta uani akiwa na kitu kiganjani. "Baba mdogo, amepata!" Punje tatu za kinyesi, ndogo, kavu. Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kumhimidi Allah (S.W) kwa jambo dogo kuliko lile kwa moyo mkubwa kama ule.

Ilikuwa usiku wa pili ndipo mjomba aliponikuta na bomba mkononi. Alisimama mlangoni na taa. Akasema, "Watu wa mji huu walilala porini na vidonda vya risasi, hawakupata hata panadoli. Leo sungura ana nesi wa zamu."

Hilo ndilo swali la Alhamisi. Mjomba aliliuliza akiwa na haki zote za kuliuliza, kwa kuwa alikuwamo miongoni mwa waliolala porini.

Nianze na kisu chenyewe, maana kuna waliouliza pale darasani kama hata kumpasua kwa namna hiyo kunajuzu. Suala la kuhasi wanyama ni la zamani. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, imetajwa ahadi ya shetani ya kuwaamrisha watu wabadilishe alivyoumba Allah, na baadhi ya wafasiri wa mwanzo walisema kuhasi ni katika hayo. Ibn Umar (R.A) alichukia kuhasi, na imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik. Upande wa pili, imepokewa kwa Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W) alichinja kondoo wawili waliohasiwa, na wanazuoni wengi wakaona kwamba kusingekuwa na ruhusa kama kitendo kingekuwa haramu kwa kila hali. Kwa Shafi, ambao ndio watu wa pwani yetu, Imam Nawawi amenukuu kwamba mnyama anayeliwa huhasiwa akiwa mdogo, kwa kuwa kuna manufaa, na akiwa mkubwa haifai. Na asiyeliwa hahasiwi kabisa. Kwa Hanafi mlango ni mpana zaidi: kukiwa na manufaa au kuondoa madhara, inafaa.

Mtu makini ataona kwamba wanazuoni hao walikuwa wanazungumzia madume, na kazi ya kisu bila dawa ya usingizi. Kufungua tumbo la jike na kulishona hawakulijadili. Sungura wetu alikuwa mgonjwa, kwa hiyo kwake jambo ni tiba, na sioni mwenye kulipinga. Lakini nisijifiche nyuma ya ugonjwa. Wengi wanaowatoa kizazi sungura na paka wao hufanya hivyo kabla ya ugonjwa, kwa kuhofia ugonjwa, au kwa sababu sungura hubeba mimba kwa mwezi mmoja tu na anaweza kupandwa tena siku ileile aliyozaa, na nyumba hujaa. Mimi naona madhara ya kweli yakizuiwa, inafaa. Ila anayechukua ruhusa kwa jina la manufaa amechukua na gharama zake. Huwezi kusema "nimemkata kwa maslahi" kisha maslahi yakaishia pale uzi ulipofungwa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Sisi tunapozungumza juu ya wanyama tunazungumza habari ya huruma: huyu ana moyo laini, yule mgumu. Mihadhara yetu ni hivyohivyo, kisa cha aliyemnywesha mbwa maji, kisa cha mwanamke na paka, watu wakaguswa, wakaenda nyumbani. Vitabu vya fiqhi havizungumzi hivyo. Fungueni Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa katika baraza za pwani hii tangu enzi za babu zetu, katika mlango wa tayammam. Mtu mwenye maji kidogo, yanayohitajiwa kwa kiu ya kiumbe chenye heshima ya kisharia, huacha kutawadha na kutayammam, na sherehe za kitabu zinaeleza kwamba mnyama ameingia humo. Fikirini. Udhu wa sala umesogezwa pembeni kwa kiu ya mnyama! Na haikuulizwa kama unampenda.

Katika mlango wa matumizi, kitabu hichohicho kinasema mwenye mnyama anawajibika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: kwa mnyama anayeliwa, auze, au alishe, au achinje. Hapo mjomba yumo. Yeye alichagua la tatu, na sharia haimlaumu, na mimi nasema mbele yenu kwamba kama tusingeweza zile siku kumi, kama ningekuwa narudi chuoni kesho yake na hakuna wa kumlisha usiku, basi kuchinja kwa kisu kikali kungekuwa rehema zaidi kuliko kumpasua na kumwacha. Lisilokuwamo katika ile orodha ni la nne, ambalo ndilo tunalolifanya wengi: kumwacha tu. Kumweka, kutomlisha vizuri, kutomuuza, kutomchinja, na kusema tuna huruma sana hatuwezi kuchinja.

Imam Izzuddin ibn Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu, na ya kwanza aliyoitaja ni kumhudumia hata akizeeka au akiugua ugonjwa unaomwondolea faida yote. Tazameni alivyolifunga lile tundu. Kondoo mwenye afya hulishwa na kila mtu, kwa kuwa kesho ni nyama. Haki inaonekana siku faida ilipokwisha.

Kuna nyumba moja Madina napenda kuikumbuka katika suala hili, nyumba ya Abu Talha (R.A). Anas (R.A), aliyelelewa humo, amesimulia kwamba walimkimbiza sungura huko Marr al-Dhahran, watu wakachoka, yeye akamkamata, akampelekea Abu Talha, akamchinja, mapaja yakapelekwa kwa Mtume (S.A.W) naye akayapokea. Na ni Anas huyohuyo anayesimulia juu ya mdogo wake, Abu Umair, mtoto wa Abu Talha, aliyekuwa na kindege akichezea, na Mtume (S.A.W) alipofika nyumbani humwuliza mtoto habari za kindege chake. Nyumba moja. Sungura wa mchuzi na ndege wa kuchezea wote wamepita humo, na hakuna aliyeambiwa amekosea. Kwa hiyo nyumba yetu ya Palma, yenye mjomba wa mchuzi na mtoto wa kapu, haikuwa na mgongano mpya.

Sasa nije kwa watu wenye vidonda vya risasi, kwa sababu haya yote hayajamjibu mjomba.

Jumatano tarehe 24 Machi 2021, mwezi wa Shaaban, alasiri, wapiganaji waliingia Palma. Siku hiyohiyo kampuni ya Total ilikuwa imetangaza kuendelea na kazi za mradi wa gesi pale Afungi. Nilikuwapo. Waliokuwa na miguu walikimbilia mikokoni na mashambani, kisha wengi Quitunda, kisha kwa mashua hadi Pemba, wakashukia ufukwe wa Paquitequete. Wengine zaidi ya mia mbili, wenyeji na wageni, walijifungia katika hoteli ya Amarula. Helikopta ndogo za kampuni ya ulinzi ya Afrika Kusini, Dyck Advisory Group, ziliwatoa wachache wachache. Ijumaa msafara wa magari uliotoka hotelini kwa barabara ulishambuliwa njiani, watu wakauawa.

Mwezi Mei mwaka ule shirika la Amnesty International likatoa taarifa kwa kuwahoji manusura weusi 11. Walisema wazungu walitangulizwa kupanda, na kwamba meneja wa hoteli alipanda na mbwa wake wawili huku watu wakibaki chini. Kampuni ilikanusha kwamba ilimbagua mtu yeyote kwa rangi. Sina uwezo wa kuamua kesi hiyo hapa. Ninachojua ni jinsi habari ile ilivyofika kwetu. Hakuna aliyesema "abiria". Watu walisema "mbwa". Mpaka leo ukitaja mnyama anayetibiwa Palma, kuna mtu ataangalia juu, angani.

Je, fiqhi ina neno juu ya hili? Ina neno, na limewekwa mahali ambapo watu wa pwani walipaswa kulijua kwa moyo: katika masuala ya chombo kinachozama. Wanazuoni wa Shafi wanasema chombo kikielemewa na bahari ikachafuka, hutupwa kwanza mizigo isiyo na roho. Haifai kumtupa mnyama ikiwa kutupa mizigo kunatosha. Isipotosha, wanyama hutupwa ili watu waokoke. Kisha ngazi inakoma. Hatupwi mtu kwa ajili ya mtu, na waliandika hivyo katika zama za watumwa: hatupwi mtumwa ili muungwana aokoke.

Nimelifikiria sana suala hili, kwa kuwa nimekaa katika mashua ya namna ile. Lina makali pande mbili. Ukali wa kwanza unamkata anayempandisha mbwa na kumwacha mtu: mnyama na ashuke. Lakini angalieni, kama yaliyosimuliwa ni kweli, mbwa hawakuwa shina la dhuluma. Hata wangebaki chini, orodha iliyowapanga watu kwa rangi ingebaki palepale, na hiyo ndiyo iliyovunja ngazi mahali pasipovunjwa. Mbwa walikuwa alama tu iliyoonekana kwa urahisi. Tunapomgeuza mbwa kuwa ndiye adui, aliyeandika orodha anapumua.

Ukali wa pili unatukata sisi. Mnyama hatupwi maadamu kuna mizigo. Anayesema "watu wana shida, achana na sungura" lazima kwanza aoneshe kwamba chombo kinazama na kwamba mizigo yake imekwisha. Simu yake, chai yake ya jioni, usingizi wake, vyote hivyo ni mizigo. Mara nyingi sana, na nasema hivi nikijitazama mwenyewe, taabu za watu hutajwa siku ya kumlisha mnyama tu. Siku nyingine mtajaji haonekani kwa mnyama wala kwa watu.

Mjomba hakuwa mtu wa namna hiyo, ndiyo maana neno lake lilinikaa. Usiku wa tatu ngazi ilijipanga yenyewe mbele yangu. Mtoto wa jirani alipandwa na homa, akaanza kutetemeka, mama yake akaja kugonga. Zamu ya kumlisha sungura ilikuwa imefika. Sikuwaza mara mbili, nilimbeba mtoto mgongoni tukaenda kutafuta mganga wa zamu, tukakaa huko mpaka karibu na adhana. Sungura angekufa usiku ule, ningehuzunika, na nisingekuwa na kosa. Niliporudi nilimkuta binti wa kaka amekaa kando ya boksi na bomba mkononi, amempa mwenyewe, tone kwa tone, kama alivyoniona. Na mjomba alikuwa amemshikia taa. Hakusema kitu, na mimi sikumwuliza.

Kuna jambo moja nililitaja kwa ustadhi wetu peke yake, na sasa nitalitaja hapa.

Machi 2021 tulikuwa na mbuzi jike mwenye mimba. Alikuwa akivamia mihogo ya jirani, na asubuhi ile ya Jumatano mimi ndiye niliyemfunga kwenye mwembe, kwa kamba ya katani, fundo mbili. Alasiri tulikimbia. Kaka yangu alirudi nyuma kumtafuta bibi, bibi tukaja kumpata, kaka hatujampata mpaka leo. Binti yake hatumwiti yatima kwa sauti. Katika siku zote zile za porini sikumkumbuka mbuzi hata mara moja. Nilimkumbuka Pemba, wiki ya tatu, nikiwa katika foleni ya maji. Tuliporudi Palma kamba ilikuwapo bado, imezunguka shina, imekata gome.

Mnaijua hadithi ya mwanamke na paka, iko kwa Bukhari na Muslim. Niliisikia utotoni kama kisa cha mwanamke mwenye roho mbaya. Baada ya mwembe ule niliisoma upya, nikaona haikutajwa roho yake. Limetajwa jambo la kupimika: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhi. Paka wa mtaani ambaye hujamgusa ana riziki yake, na hukuulizwa. Siku uliyomfunga umemwondolea uwezo wake wa kujihudumia, na uwezo huo sasa uko shingoni mwako. Ustadhi aliniambia mimi nina udhuru, kwa kuwa yule alikuwa anaweza na mimi nilikimbia mauti nikiwa nimesahau. Ninaikubali fatwa yake. Lakini tangu hapo naona kamba mahali pengi ambapo zamani sikuiona. Banda ni kamba. Ng'ombe aliyezalishwa maziwa mpaka hawezi kutembea ana kamba. Na sungura aliyefunguliwa tumbo, aliyelazwa usingizi kwa amri yetu, ambaye kwa siku kumi hawezi kuruka wala kukimbia wala hata kupata choo bila kusaidiwa, amefungwa kuliko mbuzi wangu. Fundo tulilipiga sisi, mbele ya mama wa mtoto, mchana kweupe, tukiwa na akili zetu na muda wetu.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Alhamisi, kwangu haikuwa anasa. Hata sijui kama niite ibada. Nilikuwa nalipa.

Siku ya tano alijaribu kutafuna nyuzi, mtoto akakaa naye kutwa nzima akimpa majani ya ukoka ili mdomo uwe na kazi. Asubuhi na jioni tulitazama mshono kama umevimba au unatoa maji, ulikuwa mkavu. Siku ya kumi nilikata nyuzi mwenyewe, mkono ukinitetemeka kidogo, akaniruka akajificha chini ya mtungi.

Kabla ya kuondoka nilimtengenezea banda jipya la mbao, na nikaleta kufuli ndogo kutoka sokoni kwa sababu ya paka na wezi. Mtoto alilikataa. Akasema lisifungwe kwa ufunguo, lifungwe kwa kitu ambacho mtu akipita mbio anakivuta kwa mkono mmoja na mlango unafunguka. Nikamwambia sungura wa kufugwa akitoka nje hafiki mbali. Akasema anajua.

Mjomba alikuwa anasikiliza. Alikwenda akaleta kipande cha kamba ya mashua, akachuchumaa mbele ya banda, akamwonesha fundo ambalo mabaharia hufungia tanga: likibanwa halilegei hata kwa upepo mkali, na ukivuta mkia wake tu linaachia lote. Mtoto alilirudia mara nyingi, mpaka akaweza kulifungua akiwa amefumba macho.